Nilijua, Nikanyamaza: Siri za Masjala

Tulikuwa Coco Beach, Jumapili jioni moja ya Januari 2017, tunakula mihogo na pilipili, upepo wa bahari unapuliza, mambo mazuri kabisa. Ndipo mchumba wangu (ambaye leo ni baba wa watoto wangu) akafuta mikono, akanitazama usoni na kuniuliza swali lililobaki kidogo livunje uchumba wetu.

“Bebi, wewe si uko masjala? Kesho vuta faili la yule jamaa, liangalie, uniambie. Dakika mbili tu.”

Yule jamaa alikuwa mchumba mpya wa dada yake, yaani wifi yangu mtarajiwa. Kwa bahati mbaya, au nzuri, hata leo sijui, alikuwa mhasibu katika taasisi ileile ya umma niliyokuwa nafanyia kibarua. Na kilichonifanya nishindwe kumeza ule muhogo ni kwamba faili lake nilikuwa nimeshaliona, wiki tatu kabla hata sijajua kuwa anatoka na wifi. Ndani yake mlikuwa na nakala ya hati ya ndoa ya mwaka 2009, jina la mke na cheti cha kuzaliwa cha mtoto mmoja.

Nikamwambia sitaliangalia. Akacheka, akidhani natania.

“HUYU YUKO UTAWALA”

Mpenzi msomaji, kama umewahi kufuatilia jambo lako ofisi ya serikali, masjala umeipita, ila shingo hukuigeuza. Ni kile chumba cha mwisho wa korido, mlango wa nusu wenye kibao cha kuwekea barua, feni inayolia, na dada anayekuambia “subiri kidogo” huku hainui uso. Huko ndiko nilikoanzia maisha ya kazi, na kwa muda mrefu sikuwa naliandika jambo hilo kwenye wasifu wangu.

Nilimaliza chuo mwaka 2016, shahada ya mawasiliano mkononi na ndoto za kusoma taarifa ya habari kwenye runinga. Katikati ya mwaka huohuo serikali ikasimamisha ajira mpya ili kuhakiki watumishi hewa. Nikazunguka mjini na bahasha ya kaki mpaka soli za viatu zikaisha. Mwishowe rafiki wa baba akanipa mchongo: kuna ofisi Posta inataka vibarua wa kupanga majalada, kwa sababu uhakiki wa vyeti umepamba moto na hakuna anayejua cheti cha nani kiko wapi. Elfu kumi kwa siku, nauli ya mwendokasi kutoka Kimara na chakula cha mchana humohumo.

Mchumba wangu alikuwa kampuni ya simu, shati limenyooka, beji shingoni. Tukikutana na washikaji zake ananitambulisha, “Huyu yuko Utawala.” Haukuwa uongo, masjala iko chini ya Utawala. Lakini najua alichokuwa anakikwepa, kwa sababu hata mimi nilikuwa nakikwepa. Nikifika nyumbani naoga kwanza ndipo nampigia, kana kwamba vumbi la makaratasi linasikika kwenye simu.

Ndiyo maana swali lake la Coco Beach liliniuma mara mbili. Miezi minne masjala ni aibu, leo masjala imekuwa dili!

MACHO YASOME NAMBA

Niseme kidogo jinsi kazi yenyewe inavyokwenda, maana wengi hudhani ni kupanga makaratasi tu.

Barua ikiingia inagongwa muhuri wa tarehe na kuandikwa kwenye rejesta. Kisha inatafutiwa jalada lake, inatobolewa kwa panchi, inafungwa na kupewa namba yake ya folio. Jalada likitoka kwenda kwa afisa, unaandika limekwenda kwa nani na lini. Bosi akimaliza nalo anaandika PA, maana yake lirudi kabatini. Kwa maneno ni rahisi. Sasa mpate bosi mwenye majalada kumi na manane chini ya meza yake, kila ukimuuliza anasema “mimi sinalo”, na upande wa pili kuna mstaafu kutoka Kigoma amelala stendi usiku kucha, anasubiri barua moja tu iliyomo humo ili mafao yake yaende mbele. Nilimwona mzee wa namna hiyo akilia mbele yangu, kofia mkononi. Jalada lilikuja kupatikana kwenye gari la afisa mmoja, nyuma ya kiti, chini ya viatu vya mpira.

Masjala ni mbili. Ya wazi ina mambo ya kawaida: magari, mikutano, ukarabati. Ya siri ndiyo yenye majalada binafsi ya watumishi, na huko huingii hivihivi. Kwa ajili ya uhakiki nilihamishiwa kule kusaidia, baada ya kusaini kiapo cha kutunza siri. Aliyekuwa akiitawala ni mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, amekaa humo miaka 26, sote tukimwita Mama Masjala. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa kitambaa cha kufunika pua, kisha akasema, “Mwanangu, humu ndani macho yanasoma namba. Majina hayasomi.”

Nilijaribu. Lakini jamani, mimi nimesomea habari! Jalada binafsi ni hadithi ya mtu tangu siku anaomba kazi kwa mwandiko wa mkono mpaka anaagwa kwa keki. Utaona picha ndogo ya mkurugenzi ya mwaka 1991, afro imesimama, shingo kama ya korongo. Utaona barua za mikopo ambayo mke nyumbani hana habari nayo. Utaona barua ya mke kwa mwajiri, kurasa tatu, akieleza kwamba mumewe hajaonekana nyumbani tangu sikukuu na watoto wamerudishwa shule. Kuna bwana aliomba likizo ya uzazi ya baba mwezi Machi, akaomba nyingine mwezi Julai mwaka uleule. Mama Masjala aliipokea ile ya Julai, akaitoboa, akaipa namba, akaendelea na chai yake. Uso hata haukutikisika.

Wakati mwingine anaguna tu, “Mh!” Hapo unajua kuna kitu kizito.

Kusema kweli, si watu wote wa masjala walio kama yeye. Ule msemo wa “faili halionekani” una bei yake katika ofisi nyingi, na wanaoutumia ndio wanaochafua jina la wenzao wanaoumwa vifua kwa vumbi. Hata mimi nilijaribiwa. Dada mmoja wa ofisi nyingine, mtu mzima, anayenizidi miaka kama ishirini, alinifuata ngazini akaniwekea elfu hamsini mfukoni. Alitaka cheti chake cha kidato cha nne kitoke kwenye jalada, “kipotee tu, mdogo wangu.” Elfu hamsini zilikuwa siku zangu tano za kazi. Nikamrudishia, na sitajisifu hapa, kwa sababu nilirudisha kwa woga kuliko kwa uadilifu. Wiki nzima nilikuwa napita ngazi za upande wa pili nisikutane naye.

WIKI TATU ZA KUNUNIANA

Turudi kwa mchumba.

Siku mbili baada ya Coco Beach alipiga tena: “Umeangalia?” Nikasema sikuangalia na sitaangalia. Hapo sauti ikabadilika. Akaniambia dada yake ana miaka thelathini na moja, ameshaumizwa mara moja, familia inajiandaa kupokea posa, na mimi nina uwezo wa kuwaokoa nimekaa kimya kwa ajili ya kibarua cha elfu kumi. “Sasa wewe uko upande wa nani?”

Swali hilo nililiwaza usiku kucha. Ningesema kweli, kwamba jalada nimeshaliona, ningekuwa nimeshavunja kiapo, maana swali la pili lingekuwa “lina nini?” Ningesema sijaliona, ningekuwa namdanganya mtu ninayetaka kuolewa naye. Nikachagua njia ya tatu, ambayo mpaka leo sijaipenda: nilisema “siwezi kulizungumzia jalada la mtu yeyote,” nikarudia sentensi hiyohiyo kama kasuku kwa wiki tatu. Tulinuniana si mchezo. Siku ya wapendanao mwaka ule nilikula wali maharage peke yangu kwenye kantini, wenzangu wanapokea maua mapokezi.

Shosti wangu mmoja akasema mimi ni mjinga, damu ni nzito kuliko karatasi. Nikamuuliza Mama Masjala, bila kutaja majina. Alinyamaza kitambo, akaniambia kwamba yeye mwenyewe aliwahi kupokea kwenye meza ile barua inayomhusu mume wake, ambaye naye alikuwa mtumishi wa palepale. Nikauliza ulifanyaje, mama? “Niliipa namba.” Hakuongeza neno, na sikuthubutu kuuliza mume yuko wapi sasa.

Mwisho nilishindwa kuvumilia. Siku wifi alipokuja kusuka kwetu, nikamwambia jambo moja tu. “Wifi, kabla posa haijaja, usimuulize kama ana mke. Muulize kama amewahi kuoa.”

Je, nilivunja kiapo? Wanasheria wawili niliowauliza baadaye wamenipa majibu mawili tofauti. Mimi nadhani nilikivunja nusu, na moyo wangu haukutulia upande wowote.

Aliuliza. Na hapa ndipo kila nilichodhani nakijua kiligeuka. Yule bwana alikaa kimya dakika nzima, kisha akasema ndiyo, alioa mwaka 2009. Waliachana mwaka 2013, mahakamani, talaka ipo, mtoto analelewa na mama yake na yeye anapeleka matumizi kila mwezi. Alikuwa anatafuta siku ya kusema, anaogopa. Siku ya pili akaileta ile karatasi ya mahakama, wifi akaisoma mwenyewe.

Kwenye jalada lake karatasi hiyo haikuwemo. Alipooa alikimbilia Utumishi na hati ya ndoa, kama watu wote wanavyokimbia. Talaka hakuipeleka, na nani anaipeleka? Ungekuwa wewe, ungeomba ruhusa ya saa moja ukamwambie Afisa Utumishi na masjala nzima kwamba ndoa imekushinda? Kwa hiyo mimi, niliyekuwa najiona nimebeba ukweli mzito kifuani, nilikuwa nimebeba karatasi iliyopitwa na wakati. Ningemwambia mchumba wangu pale Coco Beach “ana mke na mtoto”, ingefika kwa mama mkwe usiku uleule, na posa isingekuja.

ORODHA YA APRILI

Tarehe 28 Aprili 2017, pale Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki: watumishi 9,932 walikutwa na vyeti vya kughushi. Siku zilizofuata zilikuwa za msiba ofisini. Yule dada wa ngazini alikuwemo. Nilimkuta anafungasha vikombe vyake kwenye boksi la karatasi za fotokopi, akaniangalia, na sikuona chuki machoni mwake, uchovu tu. Alikuwa amefanya kazi kwa jina la kwenye cheti kile miaka kumi na tisa. Hata mumewe, nilikuja kusikia, alimwoa kwa jina hilo.

Mei Mosi ya 2022 Rais Samia aliagiza watu wa kundi lake warejeshewe michango yao wenyewe waliyokuwa wamekatwa kwenye mifuko ya jamii. Nilimfikiria sana siku hiyo. Kwa madai kama hayo utaulizwa ulianza kazi lini na ulikuwa unakatwa nini, na majibu hayo yanatoka palepale, kwenye jalada aliloniomba nilichane.

KADI YA BIMA

Wifi aliolewa Desemba 2017, harusi nzuri, nilikuwa kamati ya mapambo. Mimi nilikuwa nimeshaondoka masjala na kuingia kwenye magazeti. Nikajua yamekwisha.

Mwaka uliofuata akapata ujauzito. Mume ni mtumishi wa umma, anakatwa bima ya afya kila mwezi, na katika mpango wa watumishi Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulikuwa unamhudumia mwanachama, mwenza wake na wategemezi wanne. Siku ya kwanza ya kliniki wifi anaulizia kadi, anaambiwa nafasi ya mwenza imejazwa. Imejazwa na nani? Na yule wa 2009. Miaka mitano baada ya talaka, mwaka mzima baada ya harusi yenye keki ya ngazi nne, kwa upande wa makaratasi mke alikuwa yuleyule.

Kilichofuata ni kazi ya siku mbili tatu: talaka, hati mpya ya ndoa, fomu, picha, mihuri. Mume aliona ni uzembe mdogo tu. Wifi hakuuona mdogo. Alinipigia saa nne usiku.

“Wifi, wewe jalada lake ulilishika. Ulijua jina la yule mwanamke limo?”

“Nilijua.”

“Na baada ya mimi kuolewa, hukuwahi kufikiria kuniambia nimkumbushe alibadilishe?”

Kwa hilo sikuwa na kiapo cha kujifichia. Ukweli ni kwamba halikunijia kichwani. Nilikuwa nimetoka masjala nikafunga mlango, kumbe wao walikuwa bado ndani. Tulikaa karibu mwaka tukisalimiana kwa adabu tu, shikamoo kwa wazee, pilau inapita, basi. Aliyetupatanisha ni mtoto wao, siku ya arobaini yangu ya uzazi, alipojificha kwenye sketi yangu akidhani mimi ni mama yake.

Sasa wewe unayesoma haya, pengine umekaa kitandani na mwenzio kashika simu upande wa pili. Muulize: fomu yako ya kazini inasema nini? Mwenza ni nani, wategemezi ni akina nani, akianguka ofisini watampigia nani kwanza? Nimewauliza wanandoa kama kumi ninaofahamiana nao, wote wana ajira nzuri. Watatu tu ndio walijua bila kwenda kuangalia. Mmoja alikuwa bado ameandika mama yake pekee, na ana watoto wawili. Mwingine aligoma kujibu mbele ya mkewe, na chakula cha jioni kikaharibika pale.

Si lazima umbembeleze mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinazoshikiliwa na mwajiri na kuomba zirekebishwe zikiwa na makosa. Taarifa zako, lakini, si za mchumba wa dada yako! Na usidhani karatasi huchakaa haraka. Sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 imeweka miaka 30 ndipo nyaraka za umma zifunguliwe kwa watafiti, na pale Nyaraka za Taifa, Upanga, yamo majalada ya enzi za Wajerumani, yale ambayo UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997. Makarani waliyoyapanga wamekufa zamani. Barua bado zina namba zake.

Siku hizi ofisi nyingi za serikali zinatumia mifumo ya kompyuta, jalada linasafiri bila kubebwa kwapani. Vumbi limepungua. Mama Masjala alistaafu kabla ya hayo, na nilipomtembelea Kigamboni aliniuliza swali moja tu kuhusu kompyuta: “Na likifunguliwa usiku, nani anajua?” Nikamwambia mfumo unaandika aliyefungua. Akaguna, “Mh.”

Wifi ameyasoma makala haya kabla hayajaenda kiwandani. Amefuta aya mbili, na ni haki yake. Mume wangu naye amesoma, akacheka pale penye “yuko Utawala”, kisha akaacha kucheka.

Na mimi, kabla ya kuandika, nilimwomba dada wa utumishi hapa ofisini kwetu anionyeshe jalada langu. Nilianza kazi hapa 2018, sijawahi kulifungua tangu siku hiyo. Kwenye nafasi ya mtu wa kupigiwa simu ikitokea dharura, kwa mwandiko wangu mwenyewe, kuna jina la baba na namba yake ya simu. Baba alifariki mwaka 2021. Nilisimama pale kaunta nikiisoma ile namba, bado naikumbuka kwa kichwa.

Fomu mpya nimeijaza, nimeandika jina la mume wangu. Dada akataka kuichomoa ile ya zamani aitupe. Nikamwomba aiache palepale, chini ya mpya, na namba yake.